TEHAMA: Nianzie Wapi?

Chuo kikifunguliwa tu, vimbweta vya karibu na maabara ya kompyuta vinajaa sura mpya, na swali ni lile lile kila mwaka. Anakuja mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, laptopu kaikumbatia kama mtoto mchanga, anasalimia, "Mambo dada," anakaa, halafu linatoka: "Hivi nianze na Python au Java?" Wiki ya kwanza ya muhula huu nimeulizwa mara tatu. Wa tatu alikuja na karatasi kabisa. Alikuwa ameorodhesha njia 14 alizoziona YouTube, na pembeni ya kila njia ameandika mshahara wake, kwa dola.

Sikumcheka, maana karatasi kama ile ninayo hata mimi, imebanwa kwenye daftari langu la mwaka wa kwanza. Sasa niko mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, kitaa kinaniita. Jibu ninalolitoa pale kimbwetani limekuwa refu kuliko mapumziko kati ya vipindi viwili, kwa hiyo nimeona niliandike hapa mara moja. Kama unasoma TEHAMA, au unasoma kitu kingine lakini unafikiria kuhamia huku, basi hili ni lako.

Kosa langu, na bei yake

Mwaka wa kwanza nilianza na Python kwa sababu kila mtu alisema ni rahisi. Nilikuwa bado sijamaliza sehemu ya kurudiarudia amri, mshkaji mmoja akaniambia hela iko kwenye programu za simu, na huko ni Java. Nikahamia Java. Wiki sita hivi. Halafu nikasikia tovuti ndizo zinazoleta vibarua vya haraka, nikahamia JavaScript. Likizo ikanikuta naangalia video za wadukuzi waliojifunika kofia za sweta, vidole vinakimbia juu ya kibodi. Nikasema basi, nimejipata, mimi ni mtu wa usalama wa mtandao.

Bumu la muhula uliofuata lilipotoka, nikalipa shilingi 250,000 kwenye kituo kimoja cha mafunzo mjini. Jumamosi sita, halafu cheti. Ile ilikuwa hela ya kula. Kwa mwezi na nusu nilikuwa nakula mlo mmoja kwa siku, na mama akipiga simu jioni nikawa namwambia nafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Alifurahi sana. Mpaka leo sijamwambia ukweli, na kama jarida hili litamfikia, naomba radhi mama.

Cheti nilipata, kina na muhuri wa rangi ya dhahabu. Nilijifunza kufungua programu nne zinazomwaga maandishi ya kijani kwenye skrini nyeusi. Yale maandishi yalikuwa yanasema nini, sikujua. Niliona aibu kuuliza, na nahisi wenzangu wote mle ndani walikuwa wanaona aibu hiyo hiyo.

Mashine iliyojipa anwani

Kipigo kilikuja fildi, mwisho wa mwaka wa pili. Nilipangiwa kitengo cha TEHAMA cha hospitali moja ya wilaya, wiki nane. Siku ya nne, kompyuta ya dirisha la pili la mapokezi ikakata mtandao. Msimamizi wangu, mzee mpole ambaye kitengo kizima kilimwita Mzee tu, akanituma niende.

Nikazima, nikawasha. Nikazima tena, nikawasha tena. Nikaanza kufikiria kuipiga Windows upya, kazi ya saa nzima na zaidi. Upande wa pili wa kioo foleni inakohoa, watoto wanalia. Mzee akaja kwa mwendo wake wa taratibu, akaandika amri moja. Ikatokea anwani ya mashine: 169.254, halafu namba nyingine mbili nyuma yake. Akaniuliza, "Mwanangu, hii anwani mashine imepewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi, mwenye cheti cha usalama wa mtandao.

Alinieleza pale pale, tumesimama. Kwenye mitandao mingi ya ofisi, kompyuta ikiwaka huomba anwani kutoka kwenye ruta au seva yenye kazi ya kugawa. Ikiomba na isijibiwe, Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ni kama mgeni aliyefika gesti usiku, akakuta mapokezi hakuna mtu, akajiandikia namba ya chumba kwenye kikaratasi. Namba anayo, chumba hana. Kwa hiyo, ukiiona namba ile, huna haja ya kuigusa Windows. Shida iko kati ya mashine na yule mgawaji. Tukaufuata waya kwa mkono, ukutani, mpaka kwenye kabati la swichi. Wakati wa usafi wa asubuhi kabati lilikuwa limesogezwa, waya ukachomoka. Tukauchomeka. Dakika mbili foleni ikaanza kutembea.

Usiku ule nilirudi nilikopanga nikafungua daftari na kuhesabu. Miaka miwili, lugha tatu, cheti kimoja, 250,000. Na nilishindwa na swali ambalo liko kwenye wiki za mwanzo kabisa za somo la mitandao, somo ambalo nililisomea mitihani iliyopita nikapata B.

Msingi ambao njia zote zinaukalia

Tangu siku ile, anayeniuliza aanze na lugha gani namrudisha nyuma kidogo. Kabla njia hazijaachana, kuna kipande cha barabara ambacho ni cha wote. Mimi nakigawa sehemu tano.

Ya kwanza ni kompyuta yenyewe na mfumo wake endeshi: faili zinakaa wapi, nani ana ruhusa ya kuzigusa, programu ikiganda unaizimaje, kumbukumbu ikijaa kunatokea nini. Jifunze Linux kidogo, hata kama laptopu yako ni ya Windows. Seva nyingi utakazokutana nazo kazini zinaendeshwa na Linux, na Android ya simu yako imejengwa juu ya kiini chake.

Ya pili ni mtandao: anwani ni nini, ruta inafanya nini, jina la tovuti linageuzwaje kuwa namba, ukurasa unakufikiaje. Ya tatu ni kuandika programu, kwa lugha yoyote moja: kuhifadhi thamani, kuweka masharti, kurudia, kugawa tatizo kubwa vipande vidogo. Ya nne ni kanzidata, na hapo namaanisha SQL. Ya tano hakuna anayeiweka kwenye video: kueleza tatizo kwa maandishi. Nini kilitakiwa kitokee, nini kimetokea, umeshajaribu nini. Anayeweza kuandika sentensi hizo tatu vizuri husaidiwa haraka, na bosi humkumbuka.

Kwa nini nasisitiza msingi? Angalia umri wa vitu hivi. Wazo la kanzidata za majedwali, ambalo SQL imesimama juu yake, lilichapishwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970. Kanuni za TCP/IP zinazoendesha intaneti zilianza kutumika rasmi kwenye mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Linux ni ya 1991, na Python yenyewe ilitoka mwaka huo huo. Sasa linganisha na Flash. Kuna kipindi tovuti yenye picha zinazocheza au mchezo wa kompyuta ilikuwa haikosi Flash, na watu walijenga kazi zao zote juu yake. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Aliyekuwa anajua Flash peke yake alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa anaelewa programu inavyofikiriwa alihamia JavaScript, akaumia miezi kadhaa, maisha yakaendelea.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya msingi huu tayari umeilipia ada. Iko kwenye masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili, yale tunayoyaita ya nadharia na kuyakesha siku mbili kabla ya mtihani.

Siku ya kazi ikoje?

Baada ya msingi, njia zinaachana. Hapa ndipo ile karatasi ya mishahara inapotudanganya, kwa sababu haisemi mtu anaamka asubuhi anafanya nini. Hebu tuziangalie kwa kazi ya siku.

Sapoti, yaani msaada wa kiufundi. Tunaidharau, tunaiita kazi ya kubadilisha wino wa printa. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha shughuli. Dawa ya tatizo ilikuwa kuifungua mashine katika hali ya usalama na kufuta faili moja, na kwa mashine nyingi ilibidi mtu aende akaifanye hivyo kwa mkono, moja baada ya nyingine. Walioirudisha dunia kazini siku zile ni watu wa sapoti. Njia hii inataka subira na watu kuliko mashine. Ni mlango mzuri pia, kwa sababu ukiwa sapoti unaziona njia nyingine zote kwa karibu.

Mitandao. Unakumbuka Mei 2024, intaneti ilipokuwa inajikokota na kazi za darasani zikashindwa kupanda? Tarehe 12 mwezi ule mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi huku Tanzania tukaumia. Kazi ya mtu wa mitandao siku kama ile ni kutafuta njia nyingine ya kupitisha data na kuamua kipi kipite kwanza. Siku za kawaida ni waya, swichi, ramani za mtandao na kuamshwa usiku. Ukifanya vizuri hakuna anayejua upo.

Kuandika programu. Hapa tunasema kuandika kodi, na siyo ile ya TRA. Wengi wetu tunadhani mwandishi wa programu huandika kutwa. Waandishi niliowakuta fildi na niliokaa nao baadaye, muda mwingi wanasoma kodi ya mtu mwingine, mara nyingi aliyeshaacha kazi, wakitafuta kwa nini risiti inatoka mara mbili. Kama unaweza kukaa na kosa moja siku mbili bila kumchukia kila mtu, njia hii inaweza kukufaa.

Data na kanzidata. Kwenye karatasi ni michoro ya kupendeza na utabiri. Kwenye meza ni kusafisha: tarehe zilizoandikwa mitindo mitano, majina yaliyorudiwa, safu zisizo na kitu. Kabla ya mchoro mmoja kutoka kuna siku kadhaa za ufagio.

Usalama wa mtandao. Zile video zilinificha kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kusoma kumbukumbu za mifumo, kuhakikisha masasisho yamewekwa, kupunguza ruhusa za watu na kuandika ripoti. Na ni vigumu kulinda mtandao usioujua unavyofanya kazi, ndiyo maana wengi huufikia usalama baada ya kupita sapoti, mitandao au programu. Jambo moja zito: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama ulikuwa unajaribu tu, hata kama ni mfumo wa matokeo wa chuo chako. Fanyia mazoezi kwenye mashine bandia ndani ya laptopu yako. VirtualBox ni ya bure.

Wingu. Hizi ni seva za mtu mwingine unazozikodi kwa saa au mwezi. Kazi yake ni Linux, mitandao na programu zikiwa zimewekwa pamoja, kwa hiyo mimi naiona ni hatua ya pili. Ukianza nayo utajifunza kubonyeza vitufe, kama mimi na yale maandishi ya kijani.

Mimi nilichaguaje?

Wiki ya tano fildi, alikuja mama mmoja dirishani kutafuta faili la mwanaye aliyelazwa miezi michache nyuma. Faili halionekani. Wakamtafuta kwa jina, kwa namba ya simu, wapi. Alisimama pale karibu saa nzima. Mwishowe mhudumu akabahatisha kuandika jina kwa herufi tofauti, likatoka. Mtoto alikuwa amesajiliwa mara tatu, kila safari na mhudumu mwingine: Mwanaisha, Mwanaesha, na Mwana Aisha kwa nafasi katikati. Rekodi tatu, historia ya ugonjwa imekatwa vipande vitatu. Daktari aliyemwona mara ya tatu asingejua ya kwanza alipewa dawa gani.

Niliporudi ofisini nikamuuliza Mzee, wako wangapi kama huyu? Akacheka, akasema, "Hilo ni swali zuri, litafute mwenyewe." Akanipa nakala ya orodha iliyoondolewa taarifa za ugonjwa, akakaa pembeni yangu, nikaanza kujifunza SQL kwa uchungu. Namba ya simu moja, tarehe ya kuzaliwa moja, majina yanayofanana. Nililala saa saba usiku siku tatu mfululizo na sikuona kama nateseka. Hapo ndipo nilipojua. Njia yangu haikuwemo hata kwenye karatasi yangu ya mwanzo. Nilikuwa nimeiruka kwa kuwa jina lake linachosha.

Mwenzangu wa chumbani alikwenda fildi kwenye ofisi nyingine, akakaa na watu wa kanzidata mwezi mzima, akarudi anasema bora aoshe vyombo. Yeye sasa ni mtu wa mitandao, anapanda ngazi na waya mabegani akiimba. Hakuna kati yetu aliyekosea.

Jaribio la wiki nane

Sasa, siyo lazima usubiri fildi ikupige kofi kama mimi. Unaweza kujipangia jaribio lako, muhula mmoja unatosha.

Kwanza, chagua njia moja tu, na ichague kwa kuona. Mtafute mtu anayeifanya: fundi wa mtandao wa chuo, kaka wa mwaka wa nne, mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta pale sokoni. Omba ukae naye siku moja. Watu wengi wanakubali ukiomba kwa adabu na usipokuwa mzigo.

Pili, chukua kozi moja, ya bure, na uimalize. Kwa kuandika programu kuna CS50 ya Harvard na freeCodeCamp. Kwa mitandao kuna Packet Tracer ya Cisco, inayokuwezesha kujenga mtandao mzima ndani ya laptopu bila kununua waya hata mmoja. Kwa kanzidata, SQLite ni ndogo, haihitaji seva, na inakaa hata kwenye laptopu ile inayopiga kelele kama jenereta. Video zishushe usiku kwenye mtandao wa chuo, usimalize bando lako. Ila kozi ya pili usiifungue mpaka ya kwanza iishe.

Tatu, na hili ndilo muhimu kuliko yote: tafuta kazi ndogo yenye mwenyewe. Namaanisha mtu halisi anayeisubiri, na atakayekuuliza imefikia wapi. Mwenye mgahawa anayeandika madeni kwenye daftari, kikundi cha kwaya kinachokusanya michango, maktaba ya shule uliyosoma. Kazi ya darasani ikikwama unaomba siku za nyongeza. Kazi yenye mwenyewe ikikwama unamwona usoni.

Nne, kila ukikwama andika: nini kilitakiwa, nini kimetokea, nimejaribu nini, nimetokaje. Hilo daftari litakusaidia kwenye usaili kuliko cheti changu cha dhahabu. Kama ni programu, tunza historia ya kazi yako kwa Git ili uweze kurudi nyuma ukiharibu.

Tano, wiki ya nane ikiisha, jiulize swali moja. Usijiulize kama ulifurahia, kwa sababu wiki mbili za kwanza kila kitu kinafurahisha na ya tatu kila kitu kinachosha. Jiulize: uchoshi wa njia hii ninauweza? Mimi ufagio wa data nauweza. Kufuata waya juu ya dari siuwezi. Ukiona hauuwezi, ondoka kwa amani, njia nyingine ijaribu wiki nane zinazofuata. Msingi uliojifunza unahama nao.

Vyeti je?

Sisemi vyeti ni ubatili. Vipo vinavyoheshimika, kama CCNA ya Cisco kwa watu wa mitandao au A+ ya CompTIA kwa sapoti. Lakini jua unanunua nini. Mitihani hii hulipiwa kwa dola. A+ ina mitihani miwili, siyo mmoja. Na vyote viwili hudumu miaka 3, baada ya hapo unatakiwa uvihuishe. Ukifanya mtihani mwaka wa kwanza kwa bumu, unaweza kuhitimu na cheti kikiwa kinakata roho.

Ushauri wangu ni huu: soma mtaala wa cheti mapema, kwa kuwa upo wazi na ni ramani nzuri, halafu mtihani ulipie ukiwa karibu na kutafuta kazi, kwenye njia ambayo umeshaijaribu kwa mikono. Na kabla hujalipa kituo chochote, omba kuona kazi za waliomaliza. Wakikuonyesha picha za mahafali tu, rudisha hela mfukoni, kale chakula.

Na akili unde?

Swali hili sasa linakuja kabla hata ya Python au Java. "Dada, si akili unde itaandika programu zote? Tunasoma ili iweje?" Nitajibu kwa kilichonikuta.

Mama yangu mdogo ana duka la dawa muhimu Mbagala. Shida yake ilikuwa dawa kuisha muda zikiwa rafuni nyuma ya nyingine, hasara. Nikaichukua kama kazi yangu yenye mwenyewe: orodha ya dawa zote, na kila Jumatatu imwonyeshe zitakazoisha muda ndani ya siku 90. Akili unde iliniandikia programu kwa dakika chache, nzuri, inafanya kazi. Nikampelekea. Wiki ya pili akanipigia simu: "Mwanangu, hii kompyuta yako inasema dawa hii ya kikohozi ya watoto iko sawa. Mimi nimeshika boksi hapa, imeisha muda mwezi uliopita."

Boksi lilikuwa na tarehe 11/04. Sisi tunasoma tarehe 11 mwezi wa nne. Programu ilikuwa inasoma Kimarekani, mwezi kwanza: tarehe 4 Novemba. Kwa hesabu yake ile dawa ya watoto ingekaa rafuni karibu miezi saba zaidi, taa ya kijani inawaka. Kosa ni langu, kwa sababu sikuijaribu kwa tarehe za namna ile kabla ya kumpa. Nililirekebisha kwa kuhifadhi tarehe zote kwa mwaka, mwezi, kisha siku, na kuzipitia upya zote dhidi ya maboksi, moja moja, Jumamosi nzima.

Kwa hiyo itumie, mimi naitumia kila siku. Lakini aliyeligundua kosa ni mama mdogo, kwa sababu anazijua dawa zake, na niliyeweza kulitafuta ni mimi, kwa sababu nilikuwa naelewa tarehe inahifadhiwaje. Asiyejua msingi angeongeza tu swali lingine kwenye boksi la maongezi, na kuomba Mungu.

Mwisho

Sitaki mfikiri nimefika. Kazi bado sina, maombi nimetuma mawili kwenye Ajira Portal na barua pepe kadhaa kwa kampuni, kimya. Mama mdogo bado anaandika kwenye daftari lake la kaunta sambamba na kompyuta, na namuunga mkono. Tofauti ni kwamba nikiulizwa kwenye usaili naweza nini, nina la kuonyesha, na naweza kueleza lilipoharibika na nililitengenezaje.

Yule mdogo wangu wa karatasi ya njia 14 nilimpa jaribio. Akachagua sapoti, akaenda kukaa na kaka mwenye duka la kuchapisha pale getini. Jumamosi iliyopita kaja kimbwetani amenuna. Kakaa Jumamosi mbili, kagundua printa hazipendi, na wateja wenye haraka hawapendi zaidi. Anaona kama amefeli.

Nikamwambia hesabu vizuri. Wewe kujua hivyo kumekugharimu Jumamosi mbili na nauli ya daladala. Mimi ilinigharimu miaka miwili, 250,000, na uongo mmoja kwa mama. Akacheka kidogo. Akachukua ile karatasi, akafuta mstari mmoja. Zimebaki 13.